Shangazi, baiskeli ya mwanangu nimeiona ng'ambo ya korongo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Nkuhungu hapahapa Dodoma. Naandika nikiwa nimechanganyikiwa, kwa hiyo ukiona narukaruka unisamehe.

Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili tulimnunulia kijana wetu baiskeli. Ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Hatukununua dukani, tulinunua ya mtumba kwa mtu kule Sabasaba, shilingi 120,000, na fedha hiyo tuliikusanya miezi minne, mimi na vitumbua vyangu, baba yake na vibarua vya ujenzi. Ni ile ya inchi 20, ya bluu. Risiti hatukupewa, na kusema kweli hatukuomba.

Iliibwa kama wiki tano zilizopita, Jumatano mchana. Mwanangu aliingia ndani kunywa maji akaiacha nje ya ua, imeegemea minyaa. Alipotoka haipo. Kunywa maji tu, Shangazi! Tulizunguka mtaa mzima mpaka giza likaingia. Mwenyekiti wa mtaa tulimwambia. Polisi hatukwenda, mume wangu alisema watatucheka, pikipiki za watu zinaibwa hazipatikani, sembuse kibaiskeli cha mtoto. Jioni ile baba yake alimchapa kwa uzembe, viboko viwili vitatu, siyo sana.

Mama mkwe yuko hapa kwetu kwa ajili ya matibabu ya macho. Yeye alisema kazi hiyo ni ya dada wa kazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani, halafu ana kaka yake anayenunua vyuma chakavu. Dada analia, anakana. Kwa vile hatukuwa na ushahidi hatukumfukuza, ila mshahara wake wa mwezi uliopita tumeuzuia kwanza mpaka jambo lijulikane. Mama mkwe akataka apelekwe kwa mtaalamu mmoja wa kijijini anayeangalia. Nikakataa, na hilo nalo limeleta maneno ndani ya nyumba.

Sasa Jumapili iliyopita natoka kanisani, nikakatisha ng'ambo ya korongo, nikaiona. Binti wa kama miaka 11 au 12 anaiendesha, ametundika madumu mawili ya lita tano kwenye usukani, anatoka kuchota maji. Imepakwa nyekundu kwa brashi, ile rangi ya kupakia mageti, imechuruzika. Imewekwa keria. Lakini siti yake niliishona mimi kwa uzi wa magunia, nyuma upande wa kushoto, na uzi wangu upo. Miguu iliniisha nguvu. Sikusema kitu, nikamfuata kwa mbali mpaka nikaijua nyumba anayoingia. Kesho yake nikarudi nikijifanya naulizia chumba cha kupanga, nikaongea na mama yake. Ni watu wa kawaida, pengine wana hali ngumu kuliko sisi. Mama yule mwenyewe, bila kuulizwa, akanionyesha baiskeli na kujisifu kwamba baba ameinunua mnadani kwa 35,000, maana maji ni mbali na mtoto alikuwa anachelewa shule.

Nilipomweleza mume wangu akataka kwenda usiku uleule na vijana wa bodaboda wa kijiweni kwake. Nimemzuia kwa kumwambia nakuandikia wewe kwanza. Hatasubiri sana.

Kilichonimaliza kabisa ni mwanangu. Nilidhani atarukaruka kwa furaha. Akaniuliza, "Mama, na yeye atapigwa?" Nilipombana ndipo akasema aliiona wiki mbili kabla yangu, pale bombani, akaitambua kwa mlio wa mnyororo. Akanyamaza. Akasema hata wakiipaka rangi gani, tyubu ya nyuma ina viraka saba vya mbigiri, alivihesabu mwenyewe kwa fundi. Baba yake anabisha, anasema ni vitano.

Nifanye nini, Shangazi? Tuichukue, tuiache, twende polisi? Na tukiichukua, yule binti je?

Mama wa Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu, na mbukwa, salamu ya Kigogo.

Kabla hujaendelea, mwite mumeo asome hapa chini mwenyewe. Ukimsimulia wewe atasema umeongeza yako.

Baba kijana, vijana wa kijiweni kwako nawaheshimu. Ndio wanaotukimbiza hospitali saa nane za usiku, ndio wanaobeba maji msibani. Lakini kundi la watu kumi usiku, mbele ya nyumba ya mtu, na neno "mwizi" likatoka, hilo si kundi la vijana wako tena. Watatoka wa nyumba ya jirani, watatoka wa kilabuni, atatokea mmoja ambaye wala hajui ni baiskeli gani inayodaiwa, na huyo ndiye atakayeokota tofali. Magazeti yetu yana msemo wao, "wananchi wenye hasira kali". Sijawahi kuusoma msemo huo katika habari iliyoishia vizuri. Na mtu mwenyewe unayemwendea hujui kama ameiba. Unachojua ni kwamba amenunua. Akiumia au akifa, polisi hawatamtafuta mwenye baiskeli, watamtafuta aliyeongoza kundi, na kwenye kijiwe kila mtu anajua ni nani aliyewaita wenzake. Kwa hiyo usiku huu lala. Baiskeli imekaa huko wiki tano, haitayeyuka kwa siku mbili.

Sasa narudi kwako, mama. Umefanya mambo mawili ambayo wengi wangeshindwa: hukupiga kelele barabarani, na ulirudi kesho yake kwa akili. Hilo la chumba cha kupanga limenichekesha peke yangu. Lakini usirudi tena mara ya tatu, na usije ukashawishika kuichukua ukiikuta imeegeshwa. Ng'ambo ya korongo hakuna anayekujua. Wao wataona mwanamke mgeni anakokota baiskeli ya mtoto wao, na zile kelele tulizomzuia mumeo asizipeleke zitakuangukia wewe.

Kesho asubuhi nenda kituoni ukatoe taarifa. Ndiyo, baada ya wiki tano. Ndiyo, ya kibaiskeli. Mali ya mtoto iliyoibwa ni mali iliyoibwa, hakuna kipimo cha inchi. Utaeleza ilipotea siku gani, saa ngapi, ilikuwaje, na kwamba sasa unajua ilipo. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, uiandike. Hailipiwi. Wakicheka, waache wacheke huku wanaandika. RB hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba wewe ni mlalamikaji, siyo mama fulani aliyetamani baiskeli ya watu. Kutoka hapo nenda kwa mwenyekiti wako wa mtaa, ambaye habari anayo tangu siku ile, umwombe awasiliane na mwenzake wa ng'ambo. Usimruke mwenyekiti wa kule. Mtu akiitwa na mwenyekiti wake mwenyewe huja na viatu vyake, taratibu. Akifuatwa na wageni anajiandaa kwa vita.

Unalalamika huna risiti. Ni kweli, mali bila daftari hupotea bila habari, na nitakuja kwenye daftari. Ila barua yako imejaa ushahidi na wewe mwenyewe hukuuona. Mwizi alipaka rangi mahali macho yanapofika. Hakufungua tyubu.

Wageni wa mji huu hawajui mbigiri ni nini. Sisi tunaijua: kitunda kidogo cha miiba kinachokaa mchangani kiangazi kizima kikisubiri tairi na visigino vya watoto. Kila baiskeli ya Dodoma ina historia yake ndani ya tyubu, kiraka juu ya kiraka, na hakuna tyubu mbili zenye viraka idadi ileile mahali palepale. Fundi aliyeziba anazikumbuka kazi zake. Anajua kile kiraka alikikata kutoka tyubu ya pikipiki kwa sababu vipande vidogo vilikuwa vimemwishia, anajua wapi solusheni ilimwagika. Mwendee leo. Usimwelekeze aseme nini, mwulize tu anakumbuka nini kuhusu baiskeli ya kijana wako, na kama atakuwa tayari kuja kuifungua mbele ya watu. Mlipe muda wake.

Halafu mkalishe mwanao mezani na karatasi. Aandike yeye, kwa mwandiko wake, kila alama anayoijua. Watoto wanazijua baiskeli zao kuliko sisi tunavyozijua sufuria zetu. Njiti ipi imepinda, pedeli ipi inakwama, breki ya upande gani ilifungwa waya, nati ipi haifanani na mwenzake. Wewe ongeza uzi wako wa magunia, na chini yake mweke saini ninyi wazazi na tarehe. Kwenye simu tafuta picha yoyote ya Krismasi ile ambayo baiskeli imetokea, hata kama ni nusu ya gurudumu nyuma ya shangazi yake. Karatasi hiyo ifike kwa mwenyekiti kabla baiskeli haijaletwa mbele yenu. Hapo ndipo uzito wake ulipo. Mtu yeyote anaweza kutaja alama akiwa ameitazama baiskeli. Mwenye mali anazitaja ikiwa haipo. Na yule aliyewauzia Sabasaba, kama bado yupo kwenye eneo lake, naye anaweza kusema aliuza ya bluu, kwa nani, mwezi gani.

Siku ikiletwa, rangi si tatizo. Ikwanguliwe kidogo mahali pasipoonekana, chini ya fremu, bluu itatoka. Pale chini pedeli zinapopita kwa kawaida kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Hukuiandika zamani, lakini iandike siku hiyo. Kisha fundi atoe tairi la nyuma. Na kama likifunguliwa mkakuta tyubu mpya isiyo na kiraka hata kimoja, msishtuke, tyubu hubadilishwa. Mtabaki na siti, njiti na rangi ya ndani. Lakini kama kila kitu kikikataa, siti si uzi wako na chini ya nyekundu kuna kijani, basi mtasimama, mtaomba radhi kwa sauti watu wote wasikie, na mtaondoka.

Jambo moja watu hawaambiwi mapema wakakasirika baadaye: polisi wakiingia kwenye suala hili, baiskeli inaweza kubaki kituoni kama kielelezo mpaka kesi ifike mwisho. Uliza siku hiyohiyo kama inaweza kupigwa picha na mkaandikishana mrudi nayo. Uliza kwa heshima, na uliza kwa mpelelezi mwenyewe. Mwandae na mtoto, asije akadhani ikipatikana Jumatatu ataiendesha Jumanne.

Umeniuliza, "yule binti je?"

Nakuambia ninavyoamini, ingawa siyo mimi wa kuamua: naamini yule mama hajui. Mwenye kitu cha wizi ndani hamwonyeshi mgeni aliyekuja kuulizia chumba, tena akataja na bei. Baba ndiye wa kuulizwa zaidi. Baiskeli nzima kwa 35,000, mnadani, kwa mtu asiyemjua, bila karatasi. Je, aliikuta tayari ina rangi mbichi, au ameipaka mwenyewe? Kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na neno zito hapo ni "ukijua". Hilo waachieni polisi. Ninyi shikeni lenu: aliyewauzia hakuwa mwenye mali, na mtu hawezi kukuuzia kisicho chake kikawa chako. Kwa hiyo baiskeli ni ya mwanao, na zile 35,000 yule baba anamdai aliyemuuzia. Na ana kila sababu ya kusaidia kumpata, kwa sababu yeye naye ameibiwa kwa njia yake.

Kuna atakayekushauri umrudishie nusu ya hela ili yaishe. Usifanye hivyo. Ukilipa umeinunua baiskeli yako mara ya pili, na mtaani itasikika kwamba hata wewe mwenyewe ulikuwa na wasiwasi. Upande wa pili, usikubali nawe kuwadai "fidia ya usumbufu" ili unyamaze. Chukua chenu, basi.

Ila kwa binti kuna namna ya kulifanya hili. Isifanyike bombani mbele ya foleni ya ndoo. Isifanyike shuleni. Asishushwe njiani na madumu yake. Baba yake ndiye ailete ofisini kwa mwenyekiti, binti akiwa nyumbani, na kabla hamjaagana wewe nenda kwa yule mama, mwanamke kwa mwanamke, umkirie kwamba hukuwa unatafuta chumba. Itakuwa aibu, imeze. Kisha mwambie binti, mama yake akisikia, maneno haya: "Wewe hujaiba kitu." Mtoto wa miaka 11 akirudi shuleni bila baiskeli, wenzake watamaliza hadithi wenyewe, na wataimaliza vibaya. Awe na mtu mzima aliyemwambia kinyume, tena mwenye baiskeli. Kama mnaweza kumpa lifti ya dumu siku moja moja, hayo ni yenu, siwapangii.

Huenda uzi ukivutwa mpaka mwisho utamkuta aliyeiba ni kijana wa mtaani kwenu, mdogo kuliko mnavyodhani. Kwa sheria yetu mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kushitakiwa kwa kosa la jinai, na wa chini ya 12 hawezi kutiwa hatiani mpaka ithibitike alijua kwamba anachofanya hakifai. Wakubwa kidogo, chini ya miaka 18, wana Mahakama ya Watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nalisema hili kwa sababu namfikiria mumeo na mkono wake.

Na sasa mkono wenyewe. Umeandika "viboko viwili vitatu, siyo sana", ukaruka kwenda kwa mama mkwe. Mimi sikuruka. Siyo sana kwa kipimo cha nani? Mwanao aliitambua baiskeli yake bombani kwa mlio wa mnyororo. Hebu fikiria moyo wake ulivyopiga. Mtoto wa miaka 9, kitu alichokililia wiki tatu kiko mbele yake, nyumbani kuna baba, mama na bibi wanaokitafuta. Akarudi akakaa kimya wiki mbili. Kwa nini? Amekujibu mwenyewe, "Na yeye atapigwa?" Alishaona ndani ya nyumba yake kwamba baiskeli ikitajwa kuna mtu mdogo anaumia. Kwanza yeye. Kisha dada, ambaye analia jikoni. Akapiga hesabu, akaona wa tatu atakuwa yule binti, akaamua bora baiskeli ipotee. Mimi sioni uzembe katika mtoto huyu. Naona mtoto anayebeba mzigo wa watu wazima watatu.

Baba yake amwambie kwamba alikosea kumchapa. Najua hapa nitaambiwa mzazi haombi msamaha kwa mtoto, kwamba ni kujishusha. Mimi nilimchapa mwanangu wa kwanza kwa mbuzi wawili waliopotea, enzi tunaishi Chamwino. Mbuzi walirudi wenyewe asubuhi, wameshiba mahindi ya jirani. Sikumwambia kitu yule mtoto, niliona nikimwambia nitapungua. Leo ana mvi, na kila Krismasi tukikaa kula lazima awataje wale mbuzi, anacheka, wote tunacheka, na mimi kila mwaka nalitafuta neno nililopaswa kumwambia siku ile. Aombe radhi sasa, wakiwa wawili tu, bila mkutano. Sentensi mbili zinatosha.

Alikosea kuiacha nje? Ndiyo, kosa la miaka 9. Linatibiwa kwa kufuli.

Nimemwacha dada wa kazi mwisho, na yeye ndiye ambaye umemwandikia mistari michache kuliko wote. Mlipeni mshahara wake leo. Siyo baiskeli ikipatikana, leo. Mmeshajua ilipo, mnajua ilipitia mnadani, na bado barua yako haisemi popote kwamba mmemwambia lolote. Ule ushahidi wa bibi, kwamba kaka yake ananunua vyuma chakavu, hebu uupime. Chuma chakavu huuzwa kwa kilo. Mtu wa chuma chakavu angeikata, siyo kuiacha nzima ipakwe rangi na kuuzwa mnadani. Na hata kama angekuwa na kosa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwapi ruhusa ya kushika mshahara wa mtu mpaka "jambo lijulikane". Mwajiri anayetaka kukata kwa ajili ya hasara lazima athibitishe kosa ni la mfanyakazi na limetokea kazini, aeleze kwa maandishi, ampe nafasi ya kujibu, na hata hapo makato hayazidi robo ya ujira. Ninyi mmechukua wote, kwa neno la mgonjwa wa macho. Nisamehe kwa hilo la macho, limenitoka.

Mumeo ndiye azungumze na mama yake, siyo wewe. Wewe ukisema itakuwa mkwe anamsuta mama mkwe, na habari itafika ukoo mzima kabla hamjalala. Mwana akisema, "Mama, tulimshuku mtoto wa watu bure", hilo mama atalimeza, hata kama kwa maji mengi. Na mbele ya dada mlisafishe jina lake palepale mlipolichafua, bibi akiwepo. Kama ana kwao, mpigieni mama yake simu pia, maana hamjui ameshaambiwa nini.

Kuhusu mtaalamu, ulifanya vizuri kukataa, usirudi nyuma hata waseme nini. Ramli chonganishi zimepigwa marufuku na serikali, na tangu marufuku ya mwaka 2015 waganga wa namna hiyo wamekuwa wakikamatwa mara kwa mara. Lakini acha sheria kidogo. Yule mtaalamu angemtaja nani? Angewauliza mnamshuku nani, bibi angejibu, na yeye angesoma jibu la bibi kwenye kibuyu. Mngelipa hela kusikia sauti yenu wenyewe, na binti wa watu angerudi nyumbani kwa mguu akiwa mwizi wa maisha.

Daftari sasa, kwa ufupi. Baiskeli ikirudi, andika ile namba ya fremu mahali pawili. Chukua karatasi, andika jina la baba na namba ya simu, izungushie nailoni, ng'oa siti, uisukumize karatasi hiyo ndani ya bomba la fremu, kisha rudisha siti. Hakuna mwizi anayeangalia humo, lakini siku ya kubishana fundi anaitoa kwa dakika moja. Nunua mnyororo na kufuli, na ufungwe kwenye fremu pamoja na kitu kisichong'oka. Ukifunga gurudumu peke yake utabaki na gurudumu. Minyaa haihesabiki kuwa kitu kisichong'oka. Na siku nyingine mkinunua mtumba wowote, hata redio, andikishaneni na muuzaji kwenye karatasi, majina, bei, alama, shahidi mmoja. Yule baba wa ng'ambo angekuwa na karatasi kama hiyo mkononi, leo kazi yenu wote ingekuwa nyepesi.

Anza na dada, kisha kituoni, kisha kwa mwenyekiti. Na fundi akishatoa lile tairi niandikie, tafadhali, maana na mimi sasa nataka kujua: vilikuwa saba, au vitano?